Mtani Haruhusiwi Wodini

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona yule Mwingereza aliyeletwa Kilosa na serikali yake kutafiti kwa nini vijana wa mashamba ya mkonge walikuwa wanajidhuru. Mimi nilimwona kwa macho yangu haya, na miaka yote hii sijakutana na mtu mwingine aliyeuliza sana vile akabaki mjinga vile vile.

Alikuja na gari, meza ya kukunja, kiti cha kukunja na karani wa kumtafsiria. Siku ya kwanza aliwapanga vijana wa kambi yetu mstari alfajiri, kwenye uwanja wa kuitia majina, nyapara amesimama pembeni na fimbo kwapani. Akauliza kupitia karani: nani kati yenu amewahi kufikiria kujiua? Anyooshe mkono. Jamani! Unyooshe mkono mbele ya nyapara, useme umechoka kuishi, halafu uende kukata mkonge na nyapara huyo huyo nyuma yako? Hakuna aliyenyoosha. Bwana Mtafiti akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakunja meza yake. Kazi imekwisha. Na wakati huo mdogo wangu alikuwa amelazwa hospitali ya Kilosa, na kila mtu pale mstarini alijua kwa nini.

Niseme habari zake. Baba yetu alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kuja kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, kwa sababu mwenye shamba hakuona haja ya kujua majina yao. Sisi tulizaliwa kambini. Mdogo wangu alipofika umri wa kushika panga alipewa panga, hakuna aliyemwuliza anapenda nini. Alikuwa hodari, tena mwenye maringo, anapiga mluzi hata akienda chooni. Sasa, ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi, mgumu. Asubuhi moja aliinama vibaya, mwiba ukamwingia jichoni, jicho likafa. Nyapara akasema chongo hafai kukata, akampeleka korona, kwenye mashine ya kusaga majani, akazoe makapi pamoja na watoto. Wazazi wa binti aliyekuwa amemposa wakarudisha posa. Mluzi ukakoma. Aliniuliza mara moja tu, "Dada, mimi sasa wa kazi gani?" Nikamwambia wewe ni wetu. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na hadi leo sina lingine.

Haukupita muda akajaribu kujiua. Alifanyaje, sisemi. Bwana Mtafiti aliniuliza hilo tu: alifanyaje, saa ngapi, kwa kitu gani. Kwa nini, hakuuliza. Wewe msomaji nakuheshimu kuliko alivyoniheshimu yeye, kwa hiyo tuendelee. Majirani waliwahi, wakampakia kwenye kitoroli cha kubebea mkonge, wakamfikisha hospitali akiwa hai.

Hai, lakini mshitakiwa. Sheria ya Waingereza ilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, akipata nafuu apelekwe mahakamani. Basi akawekewa askari. Mtu amekata tamaa na dunia, nao wanamtishia jela! Ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba adhabu yake ni kunyimwa chakula.

Pale kambini tulikuwa watu wa kila kabila, na jambo zito kama hilo lilikuwa na njia yake. Mtu akitaka kujiua, ndugu zake hawamsemeshi kwanza. Watasema nini? Wakimkaripia wanamkandamiza, wakimlilia wanamzika. Ndugu wanakaa naye, wanamshika mkono, wanamlisha, kimya. Wa kumfungua mdomo ni mtani. Sisi Wangoni watani wetu ni Wahehe: babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukabaki na matusi tu. Mtani anakutukana wewe na ukoo wako wote, huruhusiwi kukasirika, na ukifa yeye ndiye anayewachekesha watu msibani. Kwa hiyo mama na mimi tulikaa kando ya kitanda, hatusemi neno, tunamsubiri mtani.

Alikuwa mama mmoja wa Kihehe, mpika togwa wa kambi, mwenye sauti ya kushindana na king'ora cha korona. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, na mlangoni tu akaanza.

"Yuko wapi huyu mla panya? Nasikia umetaka kufa. Ruhusa umemwomba nani? Mimi mtani wako nipo, sijajiandaa, sina hata kuku wa matanga, wewe unajiamulia! Na kule ungewaambia nini babu zako? Kwamba umeshindwa na jani?"

Mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta tangu aletwe. Nikaona bega lake linatikisika, nikadhani analia. Akageuka, lile jicho moja limejaa machozi, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nyamaza wewe, mla mbwa."

Mama yetu akajiziba mdomo kwa kanga. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mdogo wangu tangu aletwe. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Na hapo ndipo Bwana Mtafiti alipoingia na karani wake, kelele wamezisikia tangu barazani. Karani akamtafsiria matusi yote neno kwa neno, bila kumweleza zaidi, maana hakuulizwa zaidi. Mzungu akawa mwekundu kama nyanya. Akasema mgonjwa anatukanwa na watu wake, na sisi ndugu tumekaa tunatazama kama mawe. Akasema sasa chanzo amekiona: ni ukatili wa wenyeji. Akaamuru yule mama atolewe, na kuanzia siku hiyo asikanyage wodini. Chanzo! Mwiba hakuuona, nyapara hakumwona, jela inayomsubiri kijana hakuiona. Aliona mwanamke na kanga yake.

Mdogo wangu akarudi ukutani. Safari hii alikataa hata uji. Daktari akaniambia akiendelea hivyo hatafika mahakamani. Nilimchukia yule Mwingereza, na naomba ieleweke hivyo hivyo: nilimchukia.

Lakini hakumjua Mhehe. Kesho yake, jua likiwa kali, sauti ikatokea nje ya dirisha. "We chongo! Togwa hii nimeipika kwa ajili ya msiba, na maiti simwoni. Utakunywa, au nimpe mbwa?"

Kitandani pakasikika, "Mbwa gani, si umeshamla?"

Nikamtazama askari. Alikuwa mtu mzima, Mnyamwezi, amekaa na kofia magotini. Akaifuta vumbi taratibu, akasema, "Mimi nimeamriwa kulinda mlango. Dirisha halikutajwa." Kata ya togwa ikapita dirishani. Mdogo wangu akanywa yote. Ikawa hivyo kila mchana, tusi na togwa, togwa na tusi, mpaka akaweza kusimama.

Aliposimama wakampeleka bomani. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyekuwa mkuu wa wilaya na hakimu pia, alikuwa na homa, ameshika kichwa. Bwana Mtafiti akatoa maoni yake ya kitaalamu: kijana huyu ni hatari kwa nafsi yake, afungwe peke yake, atengwe na jamaa zake wanaomtesa, naye atakuwa anakwenda kumchunguza. Atengwe! Mdogo wangu na ukuta, na yule mtu wa maswali ndiye mgeni wake pekee. Nilijua kabisa hatatoka humo akiwa hai.

Mtani akainuka nyuma, hakuna aliyemwita.

"Shikamoo Bwana Shauri. Huyu ni wangu. Akifa, mwenye kazi msibani ni mimi, tangu enzi za babu. Na mimi nasema hafi, mwaka huu sina nafasi. Ukimfunga akakufia, msibani utatuchekesha wewe?"

Watu wakaangua kicheko, askari wakageuza nyuso, na mdogo wangu kizimbani akacheka mpaka akashika ubao. Bwana Shauri akamtazama mshitakiwa wake. Akauliza, huyu ndiye anayetaka kufa? Na karani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafungua mdomo kwa niaba yake mwenyewe, akamweleza mtani ni nini. Bwana Mtafiti akaanza kubisha. Bwana Shauri akampungia mkono akae. Akampa mdogo wangu onyo, akamwachia kwa sharti asirudi kambini. Hakufanya kwa huruma, alitaka kwenda kulala, kwa hiyo simshukuru.

Tukampeleka Mikumi kwa mjomba, akawa analinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe. Kazi hiyo haikuhitaji macho mawili, wala haikuwa na nyapara. Mluzi ukarudi kidogo kidogo. Lori la Iringa lilipita hapo, na kila mtani alipokwenda kwao alishuka makusudi, ampe mjomba heshima yake na mdogo wangu matusi yake. "Nyani hawakukimbii," alimwambia, "wanakuona ndugu yao aliyesoma." Alioa huko huko Mikumi, akapata watoto.

Bwana Mtafiti alirudi kwao. Karani alinisimulia alichokipeleka: kwamba vijana wa mkonge hawana mawazo mengi ya kuwafanya watake kufa, na wachache wanaojaribu wanachochewa na matusi ya jamaa zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu bwana alikipima urefu na upana, akaenda kuwaambia wenzake kwamba kunguni hakuna.

Waingereza walikuwa hawajashusha bendera yao wakati yule mama mpika togwa alipofariki, pale Magomeni mjini Kilosa. Mdogo wangu alikuja kutoka Mikumi, maana msiba ule ulikuwa na kazi yake. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa akawasukuma wachimbaji, akaruka ndani, akalala chali, akafumba jicho.

"Hapa pangu!" akapiga kelele. "Mla mbwa huyu alininyima nafasi miaka ile. Leo nimemwahi. Mpelekeni akatafute pengine!"

Wahehe wakacheka na machozi yakiwatoka. Wakamwahidi kuku ili atoke. Akakataa. Wakaongeza jogoo. Mama yetu, mzee sasa, alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vinaniuma, tunalitazama lile shimo. Kisha tukaona mikono miwili imeshika ukingo wa kaburi. Alijivuta mwenyewe, hakuna aliyemsaidia, akatoka na udongo mgongoni. Akajipangusa, akadai jogoo wake, ndipo akaanza kulia, akashika upande wa kichwa tukamshusha yule mama taratibu.