Jicho la Fundi wa Gumegume

Fundi wa magumegume, bunduki za kizamani, huongea na mti zaidi kuliko na watu. Hukipitishia kitako cha bunduki tupa mara tatu, hupuliza unga wa mti, kisha hukipapasa kwa kiganja akinong'ona, "Bado, mpenzi, bado." Lorene Hatmaker, ambaye jicho lake la kulia limezimika, amekuja kuijaribu bunduki yake mara ya nne. Shindano la shabaha ni Jumamosi, na asipoweza kulenga kwa jicho la kushoto, basi ameaga mchezo. Leo anamkuta fundi amejifunga kitambaa kwenye jicho la kulia, kahawa imetapakaa mezani.

"Umeumia, mzee?"

"Nani, mimi? Wiki ya tatu najifunza kuona kama wewe. Hata kuku wananicheka. Haya, fumba jicho, inua."

Anafumba, anainua, shavu linatua juu ya mti. Anapofumbua, kijichuma cha kulengea kimekaa mbele ya jicho lake la kushoto, katikati kabisa.

"Mwehu wewe," anasema, akiishusha bunduki.

Anachukua birika, anagusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe cha fundi, anamimina. Halidondoki hata tone.

"Wiki tatu unamwaga kahawa! Si ungeniuliza?"