Kamba ya Ng'ombe Wodini

Jumanne nilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili hapa Mbeya, nesi alipomrudishia mzee mmoja Msukuma, mfugaji wa Usangu, kamba ya ng'ombe. Ndiyo waliyomfungia binti yake siku wanamleta. Sasa binti amepata nafuu, ameruhusiwa.

"Wasukuma bwana! Mpaka washindwe kabisa ndiyo waje hospitali," akaninong'oneza mama mmoja Mnyakyusa aliyekuja kumwona mdogo wake.

"Na wako mlimleta lini?" nikamuuliza.

Akainama. "Tulimfungia ndani kwanza. Miaka miwili."

Kumbe tofauti ya makabila yetu ni kamba na kufuli.

Binti akaipokea kamba kwa mikono miwili, akaikunja. "Baba, twende. Ndama wanaisubiri."

Wodi nzima ikashangilia. Mama yule akapiga makofi kuliko wote. "Na kufuli letu nalo," akasema, "likafunge banda la kuku!"