Kifuniko cha Bawa la Kushoto

Fundi wa bodi za magari pale Ibadakuli hapimi ulaini kwa macho. Huyafumba, akapitisha nyuma ya kiganja juu ya puti iliyosawazishia bodi taratibu, kama anayempima mtoto homa. Mwaka wa nne sasa anaunda ndege ya viti viwili, na wiki tatu zimeishia kwenye kifuniko kimoja cha faibaglasi, kinachoficha bawaba ya kile kibawa kinachoshuka ndege ikitua. Jana kilikuwa kimepakwa rangi, kinang'aa. Mkewe Dorah aliketi ndani ya ndege, ameshika wenzo wa kibawa, akiomba kimoyomoyo kifuniko kiwe kimekwisha, maana mkaguzi wa ndege angekuja Jumamosi, na akiikuta haijakamilika, harudi hadi mwakani.

"Shusha, Mama Magesa."

Akashusha. Fundi alikuwa ameegemeza sikio kwenye bawa.

"Kimepita!" Dorah akashangilia.

"Kibawa kimepita kikikwaruza kifuniko."

"Mbona mimi sijasikia? Na mkaguzi hatasikia, yule ana masikio ya ofisini."

Fundi akacheka, lakini mkono ulishachukua msasa. "Kikinasa huko juu, nitaegesha wapi?"

Dorah akatazama rangi ikigeuka unga. Kisha akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akachana msasa vipande viwili.

"Sogea huko, Baba Magesa. Jumamosi haiko mbali."