Hatua tisa nje ya lami: nilivyosafiri na timu ya baiskeli ya chuo kutoka Juba

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa miaka mingi, kuandika naandika kwa kuvizia. Leo nimeamua kulitoa hili maana limekaa kifuani muda mrefu. Wanaonijua wanajua nina mdomo na napenda kuongeza chumvi, ila kwenye huu uzi chumvi nimeiacha jikoni. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi baiskeli, mtoto wa Shinyanga. Kwetu baiskeli ndiyo gari, ndiyo punda, ndiyo ambulansi. Nilifika Juba nikiwa utingo wa lori la unga. Lori likarudi, mimi nikabaki.

Nikafungua kibanda mtaa wa Munuki, pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Kazi yangu kuziba pancha, kunyoosha rimu, na kubishana.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa na siku zake za kununua na kuuza kama kawaida, na siku zake za kulala sakafuni. Majirani zangu wengi walikulia ukimbizini Uganda, wakarudi nchi ilipopata uhuru, na vita ikawakuta tena hukohuko nyumbani.

Kiswahili chao ni cha Uganda, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Nilikuwa nawacheka. Wao nao wakinicheka: "Fundi, wewe kila kitu naomba, naomba. Wewe iko maskini?"

Basi siku moja pikapu ikasimama mbele ya kibanda, akashuka mama mmoja mwembamba, mrefu, miwani puani. Nyuma ya pikapu kulikuwa na baiskeli tano za mashindano, zile za usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

"Fundi, hii baiskeli yote iko mgonjwa. Wewe naweza?"

Huyo ndiye Madam Poni. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa chuo kimoja pale mjini, jina la chuo nalihifadhi. Na ndiye alikuwa kocha wa timu ya baiskeli ya chuo hicho.

Wakuu, nilicheka. Timu ya baiskeli? Juba? Vita hii?

Hakucheka. Akanieleza taratibu kama anafundisha. Kuna mashindano ya vyuo, yanafanyika Gulu, Uganda. Kila chuo kinaleta watu watano. Ili chuo kiandikwe kwenye ubao wa matokeo, lazima wanne wafike mwisho ndani ya dakika kumi baada ya mshindi. Wakifika watatu, ni kama hamkuja.

Mwaka uliotangulia walifika watatu. Wa nne, kijana anaitwa Lako, mnyororo ulimkatikia, akaja anakimbia kwa miguu anasukuma baiskeli. Akakuta muda umeisha. Jina la chuo halikuandikwa.

"Dunia yote nasikia Juba kwa sababu ya kufa tu," aliniambia. "Mimi nataka mara moja iandikwe kwa sababu ya kitu ingine."

Nikauliza, huyo Lako yupo timu ya mwaka huu?

"Hayuko."

Nikajua amekimbilia Uganda kama wengine. Sikuuliza zaidi. Nikaingia kwenye timu kama fundi, malipo chakula na heshima.

Sasa niwaambie kuhusu hao vijana. Walikuwa wakiamka alfajiri, wanatoka Munuki wanaenda mtaa wa Gudele na kurudi, halafu wanashika barabara ya Nimule, ile ya kwenda mpaka wa Uganda, hadi pale wanajeshi wanaporuhusu. Wanaendesha kwa mstari mmoja, gurudumu la mmoja likilifuata la mwenzake kwa nafasi ya kiganja. Wa mbele anapasua upepo, akichoka anasogea, wa pili anachukua. Hawaongei. Mimi nimezaliwa juu ya baiskeli lakini kitu kama kile sijawahi kuona. Nilikuwa nasimama na spana mkononi, mdomo wazi.

Kasoro yao ilikuwa moja. Ukaidi.

Kuna siku Wani, yule mwenye nguvu kuliko wote, alipata pancha njia ya Gudele. Akageuza baiskeli juu chini pale pale juu ya lami akaanza kutoa gurudumu. Lori la maji linakuja, honi mpaka masikio yanauma.

Nikamfokea. "We Wani! Toka barabarani! Pembeni pote pale huoni? Una kichwa cha kuku?"

Akanijibu bila kuinua macho. "Hapa sawa, Fundi."

Lori likampita sentimita chache. Niliwatukana wote siku hiyo, maana wenzake nao walikuwa wamesimama juu ya lami wamejipanga kama kunguru kwenye waya. Madam Poni alinisikia. Nikakumbuka kwamba hata yeye alikuwa amesimama juu ya lami.

Siku ya safari ikafika. Basi letu dogo, baiskeli juu ya keria, magurudumu nimeyafungua na kuyaviringisha kwenye mablanketi. Siku hizo barabara ya Nimule ulikuwa huendi peke yako. Magari yanakusanyika, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, mnaondoka msafara mmoja. Pembeni unaona malori yaliyoungua, nyasi zimeota mpaka ndani ya kebini. Nchi ni nzuri wakuu, milima ya kijani, anga kubwa, na humo humo roho iko mkononi.

Kuna mahali basi lote lilinyamaza. Vijana walikuwa wanapiga stori, ghafla kimya. Madam Poni akavua miwani akaishika mapajani. Nikadhani ni uchovu.

Mbele kidogo msafara ukasimama, gari moja limepasua tairi. Watu wakashuka kujisaidia. Mimi ni mtu wa aibu kwenye mambo hayo, nikatafuta kichaka. Nimeinua mguu mmoja kuelekea kwenye nyasi, nikasikia shati langu limevutwa kwa nyuma mpaka vifungo viwili vikaruka.

Alikuwa Wani.

"Fundi, wewe nataka kufa?"

Nikageuka. Watu wote wa msafara, wakubwa kwa wadogo, wanajisaidia kwenye tairi za magari yao, juu ya lami. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga nyasi.

Madam Poni akanivuta kando. Ndipo akanieleza. Lako hakukimbilia Uganda. Miezi michache baada ya yale mashindano walikuwa mazoezini kwenye barabara hii hii, pale basi liliponyamaza. Jua kali. Lako amechoka.

"Mimi ndiye naambia yeye, toka barabarani, enda kivuli. Mimi. Yeye nasukuma baiskeli yake, naenda kwa mti. Wani iko nyuma yake kidogo."

Bomu la ardhini wakuu. La vita hii au ya zamani, nani ajuaye.

"Mimi ni mwalimu ya hesabu," akasema. "Nahesabu hata kama sitaki. Ilikuwa hatua tisa."

Nilikosa pa kuweka uso. "Toka barabarani" ndiyo maneno yale yale niliyomfokea Wani. Nilimfuata ndani ya basi nikamwomba msamaha. Akasema, "Maleish, Fundi. Wewe hujui." Maleish ni kama kusema yaishe. Nikashona vifungo vyangu mpaka mpakani.

Gulu. Siku ya mashindano watu walikuwa wengi, ngoma, vyuo kutoka huku na huku, baiskeli zinang'aa mpaka unaona haya kutoa zako. Zetu rimu nimezinyoosha kwa macho, na spoki nyingine nimezikata mwenyewe na kuzitia meno upya.

Ilikuwa mizunguko sita ya barabara inayotoka mjini na kurudi. Mimi na Madam tuko ndani ya pikapu ya kukodi nyuma yao, na magurudumu ya akiba.

Mzunguko wa pili, kijana wetu mmoja, tulimwita Profesa, mkono wa pedali ukakatika. Chuma kimekatika kabisa, pale fundi hata awe nani hana la kufanya. Profesa akakaa barabarani analia. Wakabaki wanne. Mnaelewa maana yake. Asipotee hata mmoja.

Nao wakawa kama wameambiwa. Mstari mmoja, kimya, kiganja kwa kiganja. Wakapita vyuo vyenye baiskeli za bei ya nyumba. Kufika mzunguko wa mwisho walikuwa wameliona kundi la mbele. Mimi nimetoa nusu ya mwili dirishani napiga bati la mlango. Nilijua leo tunaandikwa.

Halafu pale kwenye kalavati, barabara inapobana, kundi la mbele likaanguka. Watu kumi na kitu, baiskeli juu ya baiskeli, lami yote imeziba. Hata sindano haipiti.

Waliokuwa nyuma hawakupoteza muda. Wakakata kushoto, wakashuka kwenye nyasi zinazofika magotini, wakazunguka, wakapanda lami upande wa pili. Kitu cha sekunde chache.

Vijana wetu wanne wakafunga breki. Wote. Wakasimama, kila mmoja mguu mmoja juu ya lami, wakiangalia zile nyasi.

Watu pembeni wakaanza kucheka. "Pita! Pita tu! Nyinyi mnaogopa nyoka?"

Wakuu, mimi mwenye mdomo, niliufungua nikakosa cha kusema. Ningesema nini? Pita tu? Wani alikuwa mweupe midomoni kama mtu wa homa. Alijua kabisa hapa ni Gulu, watu wanapita mbele yake wazima. Kichwa kinajua. Mguu haujui.

Saa yangu inakimbia. Dakika moja. Mbili.

Madam Poni akafungua mlango wa pikapu. Akavua viatu. Akatembea mpaka ukingo wa lami akasimama, vidole vya miguu viko pale pale lami inapoishia. Nikang'amua kwamba tangu siku ya Lako naye hajawahi kuvuka huo ukingo. Hata Gulu ile, asubuhi, alizunguka uwanja mzima ili asikanyage bustani.

Akasema bila kugeuka, "Nyinyi beba baiskeli. Pale mimi nakanyaga, pale tu."

Akashusha mguu kwenye nyasi.

"Moja."

Akaukokota, akalaza nyasi vizuri ibaki alama. "Mbili." Wani akabeba baiskeli begani, akaweka kiatu chake kwenye alama ya kwanza. "Tatu." Wa pili akafuata. Wanne kwa mstari, mguu ndani ya alama ya mguu, na sauti ya mwalimu inahesabu.

Waliokuwa wanacheka walinyamaza. Sijui walielewa nini, lakini palikuwa kimya mpaka unasikia nyasi.

"Nane."

"Tisa."

Akasimama hapo. Mabega yanapanda na kushuka. Mimi nimeshika mlango wa pikapu, machozi yananitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Wani akasema taratibu nyuma yake, "Madam, sisi iko hapa nyuma yako. Yala, twende."

Na yule mama akasema, kwa sauti kubwa kuliko zote, "Kumi!"

Baada ya kumi alikuwa karibu anakimbia. Walipopanda lami upande wa pili vijana wakaruka juu ya baiskeli, na mwendo waliotoka nao pale sitauona tena maishani mwangu.

Walifika wanne, mstari mmoja, dakika ya tisa na kitu baada ya mshindi.

Kocha wa chuo kimoja akaweka pingamizi, eti wamesaidiwa. Kamisaa, yaani mwamuzi, aliyekuwa kwenye pikipiki alikuwa ameona yote. Akamuuliza, "Huyo mama aliwashika? Aliwasukuma?" Hapana. "Alikuwa anatembea kwenye nyasi. Kutembea kumekuwa kosa?" Ikaisha.

Tulikuwa wa mwisho kati ya vyuo vyote vilivyoandikwa. Wa mwisho kabisa, chini ya ubao, chaki imebaki kidogo. Jina la chuo, na pembeni yake: Juba. Vijana waliruka kama wamechukua kombe, watu wakawa wanatushangaa. Madam Poni alisimama mbele ya ubao, anasoma ule mstari mmoja tena na tena, viatu bado mkononi.

Tukirudi, msafara haukusimama pale mahali. Hausimamishwi kwa ajili ya mtu. Vijana wote watano walisimama ndani ya basi wameshika vyuma vya viti, na Madam akasogeza kioo akasema nje, kama anamwambia mtu aliye jirani: "Lako, wameandika."

Basi likaendelea.

Nilichojifunza ni hiki. Kumpigia kelele mtu aliyekwama ni rahisi, mimi nimefanya hivyo miaka mingi na bado nakosea. Mtu aliyekwama anataka wa kutangulia. Na anayetangulia huwa anaogopa kama yeye, pengine zaidi.

Mimi siku hizi niko Shinyanga, nina kibanda changu na mke. Huku hakuna bomu hata moja, nyasi zetu ng'ombe wanazilalia. Lakini nikipata pancha njiani nageuza baiskeli juu ya lami, wenye magari wananitukana. Mke wangu ananiuliza kwa nini sisogei pembeni, na leo nitampa asome huu uzi.

Kama kuna mtu humu aliwahi kutanguliwa mahali miguu ilipogoma, aandike hapo chini. Nitasoma zote. Wenye matusi nao karibuni, hata mimi nilishatukana nisichokijua.