Pete Nyeupe za Shangazi

Shangazi yangu alijifunga mwenyewe shambani kwake, tena kwa panga la kupogolea. Alipojiunga na mradi wa misitu alipewa miche ya bure na mafunzo, pamoja na sharti aliloliitikia bila kufikiri. Miti itakayofaa kwa mbegu itazungushiwa pete ya rangi nyeupe, haitakatwa, na mwenye shamba atakaa hapo kuilinda. Isipofaa, yuko huru, auze mbao aende zake.

Majirani walipanda wakalala. Yeye, na kichwa chake kigumu, alipogoa kila tawi lililokaa vibaya. Sasa magoti yamemgomea, kile kilima kinamtesa, na binti yake mjini amemtengea chumba. Shangazi anakitaka chumba hicho mpaka anakiota. Aliniambia hivyo bila aibu, nami roho ikaniuma.

Basi tukala njama. Wanafunzi wa chuo cha misitu wakija kuchagua miti, tuwapitishe bondeni tu, ambako miti ilijiotea ovyo mwaka alipougua. Wataitazama, watatikisa vichwa, na shamba litaachiwa.

Walikuja na makopo yao ya rangi, wakiongozwa na bwana misitu wa mradi. Shangazi akawapeleka bondeni, mpole kama maji ya mtungini, nikaanza kumfungia virago kichwani mwangu. Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Msichana mmoja alipapasa shina lililopinda, akawaambia wenzake kwa upole kabisa kwamba mwenye shamba hakujua kupogoa.

Nilimkanyaga shangazi mguu. Hakusikia.

"Nani hajui kupogoa?" akauliza. "Nifuateni."

Akakipanda kilima kile kile, magoti yakilia, mimi nyuma nikimvuta kanga. Juu kule miti imesimama wima, mashina safi hayana hata kifundo. Wanafunzi wakafungua makopo, wakapaka pete mti baada ya mti, mpaka rangi ikawaishia. Bwana misitu alimpa mkono na kumwambia shamba lake sasa ni la mbegu.

Walipoondoka alikaa chini, akaniambia nimpigie binti yake simu, chumba ampe mtu mwingine. Nilikuwa na hasira naye. Akaitazama miti yake muda mrefu.

"Lakini imenyooka," akasema. "Si imenyooka?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi, imenyooka.