Mama, Punguza Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini niliinyamazisha redio mlima mzima.

Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupika chai kwenye redio ndogo ya kanisa pale Moshi mjini, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Elimu yangu ni darasa la saba. Silionei aibu hilo wala silitangazi. Asubuhi ile nilikuwa napiga deki chumba cha mitambo huku naimba, kama nilivyozoea shambani. Mhandisi, ndiye mkubwa wa mitambo yote, alikuwa amejikunja chini ya meza ya studio anaunga nyaya, mtangazaji yuko hewani, mlango uko wazi. Akapaza: "Mama, punguza sauti!"

Mbele yangu palikuwa na mashine yenye vitufe vingi vya kuzungusha. Nikajibu, "Haya baba." Nikaweka tambara chini, nikashika kitufe kikubwa kuliko vyote, nikakizungusha kushoto mpaka kikagoma. Kisha nikaendelea kuimba.

Simu zikaanza kuingia, ya Himo, ya Sanya Juu, ya nani sijui. Mbona redio imekufa? Mhandisi akatoka chini ya meza, nywele zimejaa vumbi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepunguza sauti."

"Nilisema sauti yako!"

"Hukusema yangu."

Akacheka mpaka akakalia ndoo yangu. "Kesho njoo saa moja, kabla ya wengine," akasema. "Mtu anayejibu hivi ni afadhali ajue anachokigusa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Neno lile lile, punguza sauti, lilikuja kunirudia baada ya miaka mingi kwenye mji mdogo wa Mkuu, siku mzee mmoja alipokuwa na mchana mmoja tu wa kuiacha sauti yake hapa duniani. Nitafika huko. Vijana wa redio mmeniomba niwaeleze kazi tulivyoifanya, basi tulieni nieleze kazi kwanza.

Nilipoanza, maiki ilichomekwa kwenye mashine kubwa. Baadaye zikaja saundi kadi za nje. Ni kiboksi kidogo kama kopo la majani ya chai. Upande mmoja unachomeka maiki, upande mwingine unatoka waya unaokwenda kwenye laptopu, kwenye tundu la flashi. Kazi yake ni kuchukua sauti ya mtu na kuigeuza iwe kitu ambacho kompyuta inakielewa. Mbele kina kitufe cha kuzungusha, mafundi wanakiita geini, cha kuongeza au kupunguza nguvu ya maiki. Pembeni kuna taa. Kijani, endelea. Nyekundu, sauti imepasuka, na ikishapasuka huishoni tena.

Mhandisi alinifundisha kwa hedifoni. Ananivalisha, anaharibu kitu kwa makusudi, ananiuliza, "Unasikia nini?" Mwanzoni nilijibu, "Kelele." Akakasirika. "Kelele ni jina la ukoo. Nipe jina la mtu."

Basi nikazipa majina, na majina hayo niliyatumia mpaka nilipostaafu. Kwanza nyuki. Huo ni mngurumo wa chini usiokata, mmmm, kama una mzinga darini. Nyuki wanatoka kwenye umeme, mara nyingi kwenye chaja ya laptopu, hasa nyumba ambayo haina waya wa kupeleka umeme ardhini. Chomoa chaja, usikilize. Wakiondoka, umempata mwizi. Pili mvua, shhhh, kama ya bati. Mvua inaletwa na geini iliyopandishwa mno kwa sababu mtu yuko mbali na maiki au anaongea chini. Tatu bisi, pa-pa, pa, kama mahindi kwenye sufuria. Bisi ni waya uliolegea, au umechomeka kadi kwenye kile kigawio cha matundu mengi pamoja na flashi na vitu vingine, inakosa nguvu. Ichomeke kwenye laptopu yenyewe. Ikiendelea, badilisha waya. Ikiendelea bado, funga madirisha yote uliyofungua kwenye kompyuta, maana kompyuta iliyochoka nayo inakaanga bisi.

Na zima simu yako. Usiiweke kimya tu. Zima. Ile ti-ti-tiriti inayoingia kwenye kipindi ni simu ya mtu aliyesema ameiweka kimya.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Sanya Juu, kwenye chumba cha kurekodia cha huko. Sasa nilikuwa naitwa fundi mitambo msaidizi, ingawa ufagio sikuuacha, maana vumbi la kule linaingia mpaka ndani ya mate. Meneja wa pale alikuwa mtu mzuri ila alipenda kununua. Asubuhi moja nimemkuta amesimama, mikono kiunoni.

"Mama, kadi imekufa. Sauti inatoka ndogo kama ya sisimizi. Andika barua tuletewe nyingine."

"Imekufa lini?"

"Leo."

"Nani ameigusa?"

"Hakuna."

Hakuna ndiye anayegusa kila kitu ofisini. Nikakaa, nikagonga maiki kwa ukucha, taratibu. Kwenye kioo mshale wa sauti haukucheza. Nikagonga laptopu yenyewe, karibu na kioo. Mshale ukaruka. Nikamwambia, "Meneja, kadi ni nzima. Kompyuta ndiyo imeacha kuisikiliza. Inakusikia kwa sikio lake yenyewe, hilo tundu dogo hapo juu, na wewe uko mita mbili." Ilikuwa imejisasisha asubuhi ile na kurudi kwenye mambo yake ya zamani. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti, nikaichagua kadi tena, kuingiza na kutoa. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Barua sikuiandika, lakini nilimwona amenuna kidogo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mkuu, karibu na nyumbani kwetu. Chumba kilikuwa nyuma ya ofisi, dirisha linatazama migomba, kutani tumetundika mablanketi ili sauti isirukeruke. Nilikuwa peke yangu, mkubwa wangu ni mimi.

Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana akaja Klemensi, katekista mstaafu, na mke wake, Mama Felista. Klemensi wote tulimwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga. Nikamwamkia, "Shikamoo Meku." Akaitikia "marahaba" kwa sauti iliyokwaruza kama jiwe la kusagia. Mke wake ndiye aliyeeleza. Kesho asubuhi wanashuka hospitali. Jumatatu anapasuliwa koo, na madaktari wamesema kile kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Atapona, lakini hatasema tena. Na binti yao wa mwisho, Felista, anaolewa baada ya Pasaka.

"Anataka kumwachia maneno yake ya baba," Mama Felista akasema. "Tulijaribu kwa simu. Anasikika kama yuko ndani ya pipa."

Nikawakalisha. Nikafungua laptopu, nikachomeka kadi, nikavaa hedifoni. Nyuki, mzinga mzima. Nikachomoa chaja, wakanyamaza. Sasa tatizo ni kwamba betri ya laptopu ile ilikuwa imezeeka, bila chaja haikufika nusu saa. Nikawaambia wazi, "Tuna muda mfupi. Meku, anza."

Akaanza. Jamani, huyu mtu alikuwa ameongoza nyimbo kanisani miaka mingi bila maiki. Hata na koo bovu, sauti ilitoka kama mlango wa zizi unavyofunguka. Taa ikawaka nyekundu. Na mimi, mdomo wangu ukaenda mbele ya mkono wangu. Nikasema, "Meku, punguza sauti kidogo."

Akapunguza. Akapunguza mno, akawa ananong'ona kama yuko kwenye kitubio. Nikapandisha geini ili nimpate. Mvua ikaingia. Nikamwomba aongeze, akaongeza kidogo, akakohoa, akarudi kule kule chini. Nikapandisha tena, mvua ikawa ya masika. Tulipomaliza nikamsikilizisha. Alikuwa ananong'ona chini ya bati, mvua inapiga. Nikatazama betri, nusu imekwisha.

Meku akasema polepole, "Basi inatosha, mama. Ndivyo ilivyo."

"Haitoshi!" Mama Felista akasimama. Hakunisemesha kwa adabu, na nilistahili. "Wewe umemwambia apunguze, anapunguza. Daktari kamwambia apunguze, wiki ya tatu hii. Nyumbani watoto wanamwambia baba usiongee. Kila mtu anampunguza! Jumatatu si atapunguzwa moja kwa moja? Leo mnataka nini?"

Nikaisikia asubuhi yangu ya kwanza, ndoo, tambara, na Mhandisi anapaza kutoka chini ya meza. Sisi tuna neno moja kwa vitu viwili. Sauti iko kwenye mashine, na sauti iko kwenye koo la mtu. Siku ile niliambiwa nipunguze ya koo, nikapunguza ya mashine. Leo nilitakiwa kupunguza ya mashine, kwa mkono wangu mwenyewe, nami nikaenda kuipunguza ya koo. Tena koo lenye siku nne.

Nikasema, "Nisamehe, Meku. Kosa ni langu." Nikarudisha geini chini, chini kabisa, robo haikufika. Nikavuta kiti chake nyuma, urefu wa mkono kutoka kwenye maiki. Nikamuuliza, "Felista alipokuwa mdogo, ulimwitaje kuja kula?"

"Alikuwa anacheza mferejini, kule chini bondeni. Nilimwita kutoka mlangoni."

"Mwite sasa hivi."

Akamtazama mke wake. Mke wake akamwambia, "Si umwite!"

Mzee akanyoosha mgongo, akashika magoti. "Feliiistaaa!"

Taa ikabaki kijani. Nyuki hakuna, mvua hakuna. Ilikuwa sauti tupu, imesimama peke yake. Nikamwonyesha kwa kidole, endelea. Akaendelea kwa sauti yake nzima, Kiswahili na Kichagga, na mengine aliyosema si ya kuandika hapa. Kompyuta ilipoanza kulia kuwa inazimika alikuwa amefika kwenye amina. Nikahifadhi.

Kesho yake nikaituma Moshi isafishwe. Mhandisi, naye sasa ana mvi, akanipigia.

"Mama, kazi nzuri. Ila mwanzoni kuna mtu anapiga ukelele. Nakata."

"Usikate."

"Si majaribio hayo?"

"Ni majaribio. Yaache."

"Haya. Wewe tangu zamani ni mbishi."

Arusi ilifanyika nyumbani kwao, turubai katikati ya migomba na kahawa. Meku alikuwepo, amekonda, skafu shingoni, anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa vijiko kwa sababu ya koo. Mtu wa muziki alikuja na laptopu yake, saundi kadi yake na spika mbili kubwa kuliko mimi. Na nyuki, bwana! Walinguruma tangu maharusi wanaingia. Nikamsogelea.

"Bibi, tulia," akasema bila kunitazama. "Wataalamu tupo."

Nikainama, nikachomoa chaja yake. Kimya. Ungesikia kuku anavyotembea. Akageuka. "Shikamoo bibi," akasema. Tangu asubuhi alikuwa hajaniamkia.

Nikampa flashi. "Hii usiipunguze wala usiiongeze. Cheza tu."

Ikatoka spika zote mbili, ikavuka turubai, ikashuka mpaka mferejini: "Feliiistaaa!"

Felista alikuwa ameketi mbele na gauni lake, soda mkononi, anaongea na msimamizi wake. Hakujua lolote, tulimficha. Kabla hajafikiri, mdomo ukajibu wenyewe kama mtoto wa miaka saba: "Abee baba!" Na akasimama.

Hakuna aliyecheka. Meku, kule alikokaa, alipiga benchi kwa kiganja, pa, pa, ubavuni pake. Njoo ukae. Felista akaburuta gauni mpaka kwa baba yake, akakaa, akamshika mkono. Maneno yaliyobaki waliyasikiliza wote wawili, anayeambiwa na aliyeyasema.

Mimi nimestaafu sasa. Nina ng'ombe wawili na migomba ya kutosha, na masikio yangu bado mazima kuliko ya wengi wenu. Vijana wa Mkuu wananipigia simu: bibi, kadi inanguruma, bibi, sauti ni ndogo. Nawauliza ni nyuki, mvua au bisi, na mmechomoa chaja, na mmegonga maiki kwa ukucha. Wengine wanakuwa wamemaliza tatizo kabla sijamaliza swali. Na mkileta mtu mbele ya maiki, mwacheni na sauti yake. Mwambieni asogee au arudi nyuma. Mkono uende kwenye geini. Neno lile msimwambie mtu.

Meku anapita hapa kila asubuhi kwenda misa. Kuita hawezi. Anagonga geti langu kwa fimbo, mara mbili. Nami nikiwa jikoni, hata mikono ikiwa na unga, naitika kwa sauti yangu yote.

"Abee!"