Kamba Mkononi mwa Makame

Asubuhi ile tulikuwa tukimpiga brashi farasi wa tajiri wetu, mwenye shamba karibu na Mbweni. Masaisi wa kumtunza tulikuwa wawili: mimi, mtoto wa mjini, na shemeji yangu Makame, mtu wa kusini aliyekua akichunga ng'ombe. Tabia ya zizini haikumtoka. Kila akimwongoza farasi, huizungusha kamba mara mbili kiganjani. Ng'ombe akivuta, mtu hujikita chini akamshinda. Farasi hashindwi hivyo. Mimi nilimcheka tu, nikimwita mchunga maksai. Kumkanya sikumkanya.

Siku zile wakulima walikataa ng'ombe wao kuchomwa sindano za serikali, na baadhi yao wakafungwa. Sisi tulijiona hayatuhusu. Saa nne tulikuwa njiani kwenda mjini kumbadilisha farasi viatu vya kwato. Ghafla mbele yetu tukaona umati wa wakulima hao wenye fimbo, na askari wamewakabili.

"Turudi, shemeji," nikasema. "Mshike sana, asikutoke!"

"Nshamshika."

Bunduki ikalia.

Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, kisha akatoka mbio. Kamba ilikuwa imembana Makame. Haikumwachia.

Akakokotwa.

Mimi nilikuwa nimelala mtaroni. Risasi zililia, watu wakaniruka, nami nikamwomba Mungu farasi asimame. Kuinuka sikuinuka. Niliogopa, na sina neno jengine la kulipamba hilo.

Kamba ilinasa kwenye mnazi, ikakatika. Nilipomfikia, mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na dole gumba peke yake.

"Vidole vyangu vi wapi, shemeji?" aliniuliza kwa upole, kama mtu aliyeangusha funguo.

Waliokufa siku ile walisomewa hitima, na watu wanawakumbuka. Makame aliishi miaka mingi baadaye, na kila aliyeuliza aliambiwa kaumizwa na farasi kazini. Ni kweli, lakini haitoshi.

Hakukaa tena kwenye sinia la watu, kwa haya ya kula kwa kushoto. Katika harusi ya binti yake nilimfuata ukumbini alikojitenga, nikafinyanga tonge la pilau, nikamnyooshea. Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nshashiba, shemeji," akasema. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani.